Mi nikipunguza, na yeye je?

"Fundi, we niongezee nguvu tu, hayo mengine tutajua mbele ya safari."

Aliyesema ni mama mmoja mwenye nyumba huku Temeke, anauza waifai ya vocha, jero kwa siku, wateja wake ni wapangaji pamoja na vijana wa uchochoroni wanaokaa kwenye kibaraza mpaka usiku. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, kanga begani, simu mkononi, na kwenye iyo simu vijiti vya waifai vimejaa vyote, hamna hata kimoja kilichopungua, ila video inazunguka tu, inazunguka weee, haifunguki.

Mimi niko juu ya ngazi karibu na kenchi, ruta iko usawa wa uso wangu, nimefungua programu ya kupima mawimbi kwenye simu. Orodha inashuka haina mwisho. Mengine majina ya timu, mengine majina ya watoto, moja limeandikwa tu LIPA KWANZA. Ukienda kwenye mchoro unaona vilima vimepandana mpaka rangi zenyewe hazitofautiani tena. Wengi wako chaneli 6, yani kipande cha sita cha masafa, wachache wamejibanza 1 na 11, afu kuna wale wa kujitenga, wako 4, wako 8, wako 9, wanaona wamepata pa kupumulia.

Nikamwambia, mama, nguvu ipo mwisho tayari. Tena mi naona tuishushe.

Akanitazama. Akainua kidevu kuelekea paa la pili, kule kwa jirani anayeuza vocha kama yeye, antena yake unaiona tangu barabarani, afu akaniuliza taratibu kabisa:

"Haya mwanangu. Mi nikipunguza, na yeye je?"

Nikasema tutaliangalia. Nikanywa chai yake, nikaondoka. Ila lile swali halikuondoka, wiki zimepita na nikipanda paa la mtu bado nalisikia, na kadri ninavyolichimba ndo naona sisi mafundi tunalijibu kirahisi mno.

## Vijiti vinasema upande mmoja

Vijiti kwenye simu vinakuonyesha kitu kimoja tu, simu inaisikia ruta kwa kiasi gani. Havikwambii ruta inaisikia simu kwa kiasi gani. Na waifai ni mazungumzo, karibu kila kinachotumwa kinasubiri jibu fupi la "nimepata", jibu lisipofika ruta inajua pakiti, kile kipande cha data ilichotuma, imepotea, inarudia, inarudia tena, na ikiona hali haibadiliki inashusha spidi.

Sasa angalia nguvu zenyewe. Ruta ya kawaida ya ndani inatoa kama 20 dBm, dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, na 20 ni miliwati 100. Zile za nje za kufunga kwenye nguzo zipo zinazofika 27 dBm, yani miliwati 500. Simu? Mara nyingi iko kwenye 15 dBm hivi, kama miliwati 30, maana betri ni ndogo na antena imebanwa ndani huko na kava juu yake. Kwenye hesabu za dBm ukiongeza 3 nguvu imezidishwa mara mbili, ukiongeza 10 imezidishwa mara kumi, kwaiyo ruta ya 27 ikiongea na simu ya 15 ni kwamba mmoja ana nguvu karibu mara 16 ya mwenzake.

Simu inasikia, lakini haisikiki.

Ndo maana vijiti vimejaa na hakuna kinachofunguka. Na ndo maana mi siku zote namwambia mteja, hela yako kama ipo iweke kwenye antena na sehemu ya kuifunga, maana antena nzuri inasaidia kuongea na inasaidia kusikia, ila nguvu ya kutuma inasaidia kuongea tu.

Kuna la pili, na hili linauma zaidi mfukoni. Kijana wa ng'ambo ya barabara akinasa netiweki ya mama kwa sababu nguvu iko juu, simu yake itaongea na ruta kwa spidi ya chini kabisa, megabiti 1 kwa sekunde. Pakiti ya baiti 1500 kwa spidi iyo inachukua milisekunde 12 hewani. Mpangaji aliyekaa mita tano kutoka kwenye ruta, kwa spidi ya 54, pakiti ileile inamchukua kama robo ya milisekunde. Na waifai hizi za zamani zinagawa zamu kwa pakiti, hazigawi kwa muda. Kila mtu anapata zamu moja, ila zamu ya huyu wa mbali inakula muda wa zamu za wenzake makumi. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble kule Ufaransa waliipiga hii hesabu vizuri wakaonyesha kwamba mmoja akiwa mbali na taratibu, wote waliobaki wanavutwa chini kuelekea spidi yake, hata kama wao wamekaa chini ya ruta.

Kwaiyo ukimuongezea mama nguvu umemletea mteja wa jero anayewaharibia wateja wote waliolipa jero.

Hilo lingekuwa jibu langu kama ningekuwa nalo mdomoni siku ile: punguza kwa faida yako mwenyewe, achana na jirani. Ni jibu zuri. Ila sio alichouliza.

## Bure ina sharti lake

Haya masafa ya 2.4 GHz, ambayo waifai hizi zinatumia, yalifunguliwa kwa wote na tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, mwaka 1985, na nchi nyingine zikafuata kwa namna zao. Yalikuwa masafa ambayo wenye hela hawayataki, maana oveni za maikrowevu na mashine za viwandani zilikuwa zinapiga kelele humo tayari. Sharti lake halijabadilika sana toka kipindi kile: huombi leseni ya masafa, ila huna pa kushtaki. Ukiingiliwa, vumilia. Wewe usimwingilie mwenye leseni yake.

Na chumba chenyewe ni kidogo. Megahezi 83.5 tu. Chaneli moja ya waifai inataka kama 20, kwaiyo ukipanga vizuri unapata chaneli tatu zisizogusana, 1, 6 na 11. Basi. Hata kama ruta inakuonyesha namba mpaka 13, hizo ni alama za katikati ya chaneli tu, chaneli zenyewe zinapandana.

Hapa ndo nataka niwaseme kidogo wale wa chaneli 4.

Mtu anafungua mchoro, anaona 6 imejaa na 1 imejaa, anaona 4 hamna kilima chake, anajiweka hapo anajiona mjanja. Ukweli ni kwamba ameharibu pande zote mbili. Ruta mbili zikiwa chaneli moja zinasikilizana, zinaelewana kabisa, moja ikianza kutuma nyingine inasoma kichwa cha ile pakiti, inajua itachukua muda gani, inasubiri. Ukikaa katikati, nusu ya mawimbi yako inaangukia kwa jirani, ila hawezi kuyasoma, kwake ni kelele tu. Na kelele ruta hailazimiki kuiheshimu mpaka iwe kubwa sana, kiwango rasmi cha waifai kinasema -62 dBm (kwenye hizi za hasi, ikikaribia sifuri ndo nguvu kubwa), wakati pakiti inayosomeka inatakiwa kuheshimiwa hata ikifika kwa -82. Tofauti ya 20, yani mara mia. Kwaiyo huyu bwana wa 4 anaongea juu ya watu, watu wanaongea juu yake, na kila mmoja analaumu kifurushi chake cha intaneti.

Afu kuna gharama ambayo haionekani kabisa. Kila ruta inajitangaza jina karibu mara kumi kwa sekunde, hata kama hamna aliyeunganishwa, na kwenye 2.4 matangazo hayo kwa kawaida yanaenda kwa ile spidi ya chini ya megabiti 1. Tangazo moja lina ukubwa wa baiti 250 hivi, linakaa hewani zaidi kidogo ya milisekunde 2. Piga mara kumi, jina moja limekula kama asilimia 2 ya muda wote wa chaneli. Mkifika majina ishirini yanayosikilizana kwenye chaneli 6, karibu nusu ya muda imeisha kwa salamu, hamna hata mtu mmoja aliyefungua WhatsApp. Na ukiongeza nguvu, salamu zako zinafika kwa ishirini wengine.

Nenda stendi ya Mbagala jioni uwasikilize wapiga debe. Hakuna anayetangaza uongo, kila mmoja anataja njia yake vizuri tu, na abiria hasikii hata njia moja.

## Wanaoweza kuamrishana

Nikasema kama hili tatizo lina wajuzi, watakuwa watu wa minara ya simu. Nao walishawahi kuwa na balaa hilihili, tena kubwa zaidi. Kwenye mitandao ya CDMA simu zote za eneo zinatumia masafa yaleyale kwa wakati mmoja, kwaiyo aliyekaa chini ya mnara akipiga kwa nguvu zote anamfunika aliye kilomita kadhaa huko shambani, mnara haumsikii kabisa yule wa mbali. Dawa yao ilikuwa amri. Mnara unaiambia kila simu, panda kidogo, shuka kidogo, na kwenye ile CDMA ya mwanzo amri zilikuwa zinatoka mara 800 kwa sekunde. 3G ikaja na mara 1500 kwa sekunde.

Mnara ni bosi. Mtaani kwetu hamna bosi.

Ila nikakutana na kazi ya watafiti Gerard Foschini na Zoran Miljanic ya mwaka 1993, na hii ndo iliyonifanya nikae macho. Hawa walionyesha kwamba bosi sio lazima. Kila mmoja apime mwenyewe ubora wa mawasiliano yake, yani sauti yake imezidi kelele kwa kiasi gani, aulinganishe na ubora anaouhitaji. Ukiwa umepata nusu ya unachohitaji, zidisha nguvu yako mara mbili. Ukiwa umepata mara mbili ya unachohitaji, gawanya kwa mbili. Hamna anayeongea na mwenzake kuhusu nguvu, hamna anayejua jirani anafanya nini, kila mtu na hesabu yake, na bado wote wanatulia kwenye nguvu ndogo kuliko zote zinazowezesha kila mmoja apate haja yake.

Nilifurahi, nikajua nimempata yule mama.

Afu nikarudia kusoma masharti. Inafanya kazi kama mahitaji ya wote kwa pamoja yanawezekana. Kama hayawezekani, kama jumla ya wanachotaka watu ni kikubwa kuliko hewa inavyoweza kubeba, basi hesabu ileile nzuri inageuka: wewe unapanda kwa sababu ya kelele yangu, mi napanda kwa sababu ya yako, hamna kikomo isipokuwa kile cha mashine, wote tunagota kwenye dari na hamna aliyepata anachotaka.

Hapo ndo nikaiona Temeke. Kila ruta ipo mwisho, na hamna aliyeridhika.

Na kitu kingine, ile hesabu inadai mtu akishapata kinachomtosha ashuke. Mfanyabiashara wa vocha kinamtosha nini? Yeye kila kijiti cha ziada kwenye simu ya mtu wa ng'ambo ni jero.

## Mama alikuwa sahihi

Haya, sasa twende kwenye waifai yenyewe, maana waifai haifanyi ile hesabu. Waifai inasikiliza kwanza, ikisikia kimya inatuma, ikisikia mtu inasubiri. Ni adabu ya kutosha tu kama wote wanasikiana.

Tuseme mawimbi ya ruta ya mama yanafika kwa jirani yakiwa -78 dBm, na ya jirani yanafika kwa mama yakiwa -75. Wote wako juu ya ule mstari wa -82, wanasikiana, wanasubiriana. Hamna raha ila kuna utaratibu. Sasa mama ananisikiliza mimi fundi wake, anashusha nguvu kwa 6. Kwa jirani anaanza kufika akiwa -84. Ruta nyingi zinaweza kusoma hata chini ya hapo, ila ukiendelea kushusha utafika mahali jirani hakusikii tena, kwake kumekuwa kimya. Basi anatuma muda wowote anaotaka, hata kama mama yuko katikati ya kumtumia mpangaji wake video. Na mama je? Yeye bado anamsikia jirani kwa -75 kama mwanzo. Anaendelea kusubiri.

Aliyepunguza anasubiri. Asiyepunguza hasubiri.

Nilipolichora hili kwenye karatasi nilicheka peke yangu. Huyu mama hajawahi kusikia habari ya dBm, kasimama chini ya ngazi na kanga yake, kaona shimo ambalo mafundi tunalifukia kwa kusema "punguza nguvu mama, ndo ustaarabu". Ustaarabu wa mmoja kwenye mfumo wa kusikilizana una adhabu, na adhabu anailipa mstaarabu. Mi nadhani ndo maana ushauri wetu haushiki. Watu sio wabishi, wamejaribu, wameona vocha zinarudi na malalamiko, wamepandisha tena.

Kutetea upande wangu kidogo: wateja wa mama waliokaa ndani, nyuma ya kuta za tofali, kelele za jirani kwao zimeshapunguzwa na ukuta, kwaiyo wanaweza wakaendelea kupokea vizuri hata jirani akiongea juu yao. Adhabu inawaangukia zaidi wale wa kibarazani. Ila kibarazani ndo kwenye biashara.

## Mapatano yaliyoandikwa ndani ya kiwango

Sasa hapa kuna kitu kilinishangaza, na sijaona watu wakikiongelea sana kwa Kiswahili.

Waliotengeneza waifai ya kizazi cha sita, 802.11ax, kumbe waliliona swali la yule mama. Kwanza wakaipa kila ruta rangi, ni namba tu lakini wanaiita rangi, ili ruta ikisikia pakiti ijue mapema hii ni ya nyumbani au ya jirani. Ikiwa ya jirani, una ruhusa ya kuipuuza hata ikiwa na nguvu kuliko -82. Unaweza ukausogeza mstari wako wa kuheshimu mpaka -72, mpaka -62 kabisa.

Ila sio bure. Ukiusogeza mstari kwa 10, lazima nguvu yako ishuke kwa 10. Ruta ndogo inaanzia 21 dBm: ukiendelea kuheshimu mpaka -82, tuma kwa 21. Ukitaka kupuuza mpaka -72, tuma kwa 11. Ukitaka kupuuza mpaka -62, unabakiwa na 1 dBm, yani miliwati moja na ushee, utaongea na aliye chumba kilekile.

Soma tena hapo.

Anayenong'ona anaruhusiwa kutowasubiri wengine. Anayepiga kelele analazimika kumsubiri kila mtu. Ile adhabu ya mstaarabu imegeuzwa juu chini, kupunguza nguvu kumekuwa ndo bei ya kununua zamu nyingi zaidi. Hamna bosi, hamna kikao, hamna kumbembeleza jirani. Mi kwenye kazi hii nimeona mambo mengi ya kijanja lakini hili ndo la kwanza kunifanya nivue kofia.

Ubaya ni kwamba halijafika kwetu kwa wingi. Hizo ruta za vocha tunazozinunua Kariakoo nyingi ni kizazi cha nne, kiwango cha mwaka 2009, na hata mwenye ruta ya kizazi cha sita, simu za wateja wake zinaweza zisijue hayo mambo, na watengenezaji wengine hiyo sehemu ya kupuuza hawaiwashi. Rangi ipo kwenye boksi, ndani imezimwa.

## Huko juu kwenye mapaa

Nimeongea ya chini, ya juu ni vita nyingine. Wanaorusha intaneti kutoka jengo hadi jengo kwa 5 GHz hawana habari ya mteja wa mbali anayevuta wenzake, ni sahani mbili zinaangaliana. Ile sababu ya kupunguza kwa faida yako haipo, au inaonekana haipo.

Kimya cha asili, yani joto tu la vifaa, kwa chaneli ya megahezi 20 kiko kwenye -101 dBm, na ukijumlisha upungufu wa redio yenyewe unapata kama -95. Panda jengo refu katikati ya jiji uone kama utaikuta iyo -95. Unakuta -85, unakuta -80. Hizo 15 zilizopotea hakuna aliyeziiba peke yake, kila aliyefunga sahani amechukua kidogo.

Jibu la fundi wa haraka ni kwenda kwenye setingi na kubadilisha nchi, anachagua nchi ambayo hajawahi kuiona hata kwenye ramani ila inaruhusu nguvu zaidi. Hii nawaambia kama mtu wa ndani, ina ujinga wa aina mbili. Wa kwanza, soma karatasi ya redio yako: nguvu ya juu kabisa iliyoandikwa ni ya spidi za chini, kwenye spidi za juu redio inashuka dBm kadhaa, maana ikikamuliwa mpaka mwisho mawimbi yanapinda na upande wa pili hausomi. Unalazimisha nguvu, unapoteza spidi. Wa pili, kuna masafa humo ndani yana wenyewe. Mwaka 2009 kule San Juan, Puerto Rico, rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege ilianza kuona michirizi isiyoeleweka, na walipofuatilia wakakuta ni redio za intaneti za 5 GHz zilizofungwa kwenye majengo marefu, baadhi ya redio ile kazi ya kusikiliza rada na kuhama haikuwa imewashwa au haikuwa inafanya kazi sawasawa. Rada ile inatazama upepo unaoangusha ndege zinapotua. Sio jambo la kuchezea kwa sababu unataka megabiti tano zaidi.

Kanuni ninayoipenda kwa huku juu ni ya FCC kwa 2.4 ya jengo hadi jengo: kila ukiongeza makali ya antena yako kwa 3 dB, unapunguza nguvu ya redio kwa 1 tu. Yani ukikubali kuangalia sehemu moja, ukaacha kumwagia mtaa mzima, unazawadiwa 2. Inafanana roho na ile ya rangi. Mwenye kubana eneo lake anapewa uhuru.

Kuna na njia ya tatu, ya hifadhidata. Marekani wana masafa ya 3550 mpaka 3700 ambayo rada za jeshi la majini zinatumia, na kompyuta kuu inawaambia wengine wote saa hii tumia chaneli hii, nguvu hii, rada ikionekana pwani hameni. Kwetu huku kuna ladha yake tuliionja, mwaka 2013 Nanyuki kule Kenya walianza kurusha intaneti kwenye nafasi zilizo wazi kati ya chaneli za televisheni, na mwaka huohuo Costech, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na Microsoft wakatangaza mpango wa aina hiyo kwa wanafunzi wa vyuo Dar. Ni wazo zuri kwa shamba. Kwa waifai ya jero sioni. Hamna atakayeomba ruhusa kwenye kompyuta kuu kwa ajili ya kibaraza.

## Tulichofanya

Nilirudi kwa mama. Nilizima zile spidi za zamani, 1, 2, 5.5 na 11, kwaiyo matangazo ya jina yanaenda kwa 6 na mteja wa mbali sana hashiki kabisa, anaona jina lakini haingii. Upana wa chaneli nikaurudisha 20, mtu aliyeweka 40 kwenye 2.4 uswahilini anatafuta ugomvi. Ruta ndogo ya pili ikafungwa uani, 5 GHz, nguvu ndogo, ukuta wa nyumba unaikinga na barabara. Ile ya mbele nikaishusha kidogo sana, maana sasa namwelewa.

Jirani mwenye antena kubwa nilimfuata mwenyewe. Nilidhani tutagombana. Kumbe na yeye alikuwa analalamika vilevile, wateja wake vijiti vimejaa na hakuna kinachofunguka, na alikuwa na mpango wa kununua kubwa zaidi. Tukachora pamoja nyuma ya boksi la ruta, yeye akachukua 1, mama akabaki 11, wote wakashusha siku moja, saa moja, kila mmoja anamwona mwenzake kwenye simu ameshuka. Bila hilo la kuonana wasingefanya, na wala nisingewalaumu.

Amebaki yule wa chaneli 4. Nimempata kwa simu, mtu mstaarabu, anasema hana shida kabisa kuhamia 6, ila paswedi ya ruta anayo fundi wake, na fundi yuko Kilwa mpaka mwezi ujao.